Gari la zimamoto halipiti kichochoroni: tujikinge vipi?

Mkaazi wa Kibokoni
Assalaam aleikum. Naishi Mji wa Kale, Mombasa, ambako nyumba zimeshikana kuta na dari zimebebwa na boriti za mikoko zilizokauka miaka mingi. Gari la zimamoto likija litaishia barabarani, kwani kichochoroni kwetu hata mkokoteni hupita kwa taabu. Majirani wamekubali kuchanga fedha, lakini hatujaafikiana tununue nini, na wengi wanapendelea ving'ora vya moshi. Mnashauri nini?

Fundi Stima, Majengo
Waaleikum salaam. Ving'ora vya moshi msivikimbilie. Katika nyumba ambamo samaki hukaangwa na udi hufukizwa, kitalia ovyo mpaka mtu akichomoe betri, na kinga yenu itakuwa imekwisha. Kule Cape Town, kampuni ya Lumkani ilibuni kifaa kinachopima kasi ya kupanda kwa joto badala ya kunusa moshi. Kikilia, vifaa vya nyumba za jirani navyo hulia kwa mawasiliano ya redio, hivyo mtaa huamka hata kama mwenye nyumba inayoungua hayupo.

Bi. wa Tudor
Naafikiana na fundi, ila gesi mmeisahau. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini, kwa hiyo kitambuzi chake kifungwe karibu na sakafu. (Nimeona mkahawa uliokifunga darini!) Mafuta ya bajia yakishika moto, msiyamwagie maji, zimeni jiko, mfunike karai kwa sinia.

Mstaafu wa Zimamoto
King'ora huamsha watu, lakini hakizimi moto. Ningekuwa mimi, sehemu kubwa ya mchango ingelipia bomba la chuma lililo tupu, lililopigiliwa ukutani kutoka barabarani hadi ndani ya kichochoro, lenye mdomo wa kupokea maji upande wa barabara na valvu za kuunganishia mipira kila baada ya nyumba kadhaa. Majengo marefu yana bomba la namna hiyo lililosimama wima. Nyinyi mnalilaza tu. Gari likisukuma maji barabarani, askari hawatapoteza muda kuburura mipira kwenye kona. Kabla ya kununua chochote, waulizeni zimamoto wa kaunti viungo vya mipira yao ni vya aina gani, kwa sababu mdomo usiooana na mpira wao hautawafaa kitu.

Mkaazi wa Kibokoni
Shukrani, mzee wangu. Je, bomba hilo litahimili chumvi ya bahari?

Mstaafu wa Zimamoto
Liwe la chuma kilichopakwa zinki, na mlijaribu kwa maji kila mwaka.