Ushauri: Pasi halisi ya mke wangu iende Marekani ili apate ITIN, niitume au nisiitume?

Pwani Ughaibuni:
Wakuu, habari za humu. Niko Columbus, Ohio, tangu 2019, nilikuja kwa bahati nasibu ya grinikadi. Nimeoa 2021, mke yuko Tanga na mtoto wetu wa miaka miwili. Mwaka huu nataka tujaze ritani ya kodi (fomu ya mwaka ya kutangaza kipato) ya 2024 kwa pamoja. Yeye hana sosho (namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani), kwa hiyo anahitaji ITIN, namba ya kodi ya wasio na sosho. Jamaa anayenijazia kodi anasema inatakiwa pasi yenyewe, siyo kopi, na anachukua dola 450. Swali langu ni moja tu: ni salama kuiachia pasi? Mwisho ni tarehe 15 Aprili, zimebaki wiki tano. Naomba wenye uzoefu, matusi sitaki.

Mla Mihogo:
Nimekaa paleee. Karanga ninazo.

Fundi Saa:
Mkuu mbona unajitesa? TIN ni bure. Shemeji aende TRA hapo hapo Tanga na namba yake ya NIDA, anatoka nayo. Mimi yangu nilichukua 2017 nikiwa nafungua duka la vipuri Kariakoo. Kasheshe ilikuwa kutoka nje, nakuta pikipiki imefungwa mnyororo, faini imenizidi hata kodi ya fremu. Tangu siku hiyo natembea kwa miguu.

Pwani Ughaibuni:
Fundi, hii siyo ya TRA. Ni ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani.

Fundi Saa:
TIN ni TIN. Tarakimu tisa.

Babu wa Dallas:
Tarakimu tisa kweli, ila ITIN inaanza na 9 na imepangwa kama sosho. Ilianza 1996 kwa ajili ya watu wanaotakiwa kuonekana kwenye karatasi za kodi za Marekani lakini hawana haki ya sosho. Haikupi ruhusa ya kazi, haikupi mafao, na usipoitumia kwenye ritani miaka mitatu mfululizo inakufa.

Fomu yake ni W-7, inaambatanishwa na ritani na kutumwa Austin, Texas. Ada ya IRS ni sifuri, hiyo 450 ni ya jamaa yako. Wanataka pasi halisi au nakala iliyothibitishwa na ofisi iliyoitoa, yaani Uhamiaji. Mhuri wa wakili hawautambui. Njia nyingine ni ajenti aliyeidhinishwa na IRS: anaikagua pasi, anathibitisha, anakurudishia mkononi. Huyo wako yumo kwenye orodha ya IRS?

Pwani Ughaibuni:
Sijamuuliza. Lakini ni mtu wa kuaminika, Waswahili wengi hapa anawajazia yeye.

Mama Salha:
Mimi nauliza lingine. Umeoa 2021, leo 2025, binti wa watu yuko Tanga analea peke yake, na wewe unachowaza ni namba ya kodi? Kaka yangu alikwenda Maskati hivi hivi, "mwaka mmoja tu". Mwanawe kaanza kumwita babu yake baba.

Pwani Ughaibuni:
Dada, heshima yako, ndiyo maana namleta. Ombi niliwasilisha mwishoni mwa 2021. Usaili wa viza ni mwishoni mwa Mei.

Babu wa Dallas:
Hapo sasa. Kipindi hiki cha msimu ITIN inachukua wiki 9 hadi 11. Pasi ikienda Austin leo, mkeo anakwenda kwenye usaili na nini? Na tena: akishaingia kama mkaazi anapewa sosho, hiyo ITIN anaacha kuitumia. Haraka ya nini? 2022 na 2023 ulijazaje?

Pwani Ughaibuni:
Nilijaza kawaida tu.

Babu wa Dallas:
Kawaida ndiyo ipi, mwanangu? Huku kuna hali tano za kujaza, hakuna inayoitwa kawaida.

Mla Mihogo:
Karanga zinaisha na hajajibu.

Pwani Ughaibuni:
2022 nilijaza kama sijaoa. Jamaa alisema mke akiwa nje haina shida. 2023 akanijazia mkuu wa kaya, yaani asiye na ndoa anayetunza mtegemezi nyumbani. Akasema ukioa mgeni anayeishi nje, sheria inakuhesabu hujaoa. Rifandi, yaani kodi niliyorudishiwa, ilikuwa nzuri tu.

Babu wa Dallas:
Amekupa nusu ya sheria. Ni kweli mke asiye mkaazi anaweza kufanya uhesabiwe hujaoa kwa ajili ya hali hiyo. Lakini lazima uwe na mtoto au ndugu anayestahili, aliyekaa *nyumbani kwako* zaidi ya nusu mwaka. Mwanao yuko Tanga, na kwa kuwa si raia wala mkaazi wa huku humwombei hata ITIN ya mtegemezi. Sasa aliandikwa nani?

Pwani Ughaibuni:
Mtoto wa rafiki ninayekaa naye. Baba yake hakumwandika kwenye ritani yake mwaka ule, alikuwa hana kazi. Wakuu msinihukumu, kila mtu hapa anafanya. Nilipata dola 4,100, nikamlipia mama matibabu. Ndiyo maana nataka hii ya 2024 isomeke nina mke, kwa sababu kwenye udhamini wa viza naambatanisha ritani. Nisingeuliza kama sina nia njema.

Mama Salha:
Mtoto wa kuazima! Ya Rabi.

Babu wa Dallas:
Mtoto wa kuazima hahesabiki. Tena fungua ukurasa wa mwisho wa ritani yako ya 2023, pale chini penye sahihi ya mtayarishaji. Pameandikwa nini?

Pwani Ughaibuni:
Pameandikwa nimejaza mwenyewe.

Babu wa Dallas:
Basi mtu wako hayupo. Amechukua hela na jina lake halimo popote, IRS wakibisha hodi watakukuta wewe tu.

Ningekuwa wewe: 2024 jaza kama mwenye ndoa anayejaza peke yake, na penye namba ya mke andika NRA, yaani mgeni asiye mkaazi. Hakuna W-7, hakuna pasi. Ukijaza naye pamoja punguzo, yaani kipato kisichokatwa kodi, ni dola 29,200 badala ya 14,600, siyo kidogo, lakini mnasaini kwamba naye ahesabiwe mkaazi, na kipato chake cha Tanga kinaingia. Ukiitaka hiyo ya pamoja baadaye, una miaka mitatu ya kurekebisha. Ritani ya 2022 na ya 2023 zirekebishe kwa fomu 1040-X kabla hawajakuandikia. Ile ya 2022 huenda isikugharimu kitu. 2023 ulitumia punguzo la 20,800 ukistahili 13,850, na la mtoto juu yake, kwa hiyo utarudisha na riba. Na usimtume mkeo pasi.

Pwani Ughaibuni:
Pasi alishaituma. Jamaa anayo tangu Jumatatu. Na nusu ya hela nimelipa. Lakini ana uzoefu, sioni kama ni kosa kubwa kumaliza nilichoanza.

Mla Mihogo:
Kwa hiyo kichwa cha uzi kinauliza "niitume au nisiitume" na pasi ishapanda ndege 😂😂

Kipara Ngoto:
Ngojeni kwanza. Nimepitia nyuzi zake. Novemba aliuliza bei ya viwanja Kibaha, akasema anakaa Mbagala, bado hajaoa na anatafuta mchumba mwenye hofu ya Mungu. Leo yuko Ohio na mtoto wa miaka miwili? Hii chai hata sukari haijawekwa.

Pwani Ughaibuni:
Akaunti tunatumia na mdogo wangu. Uzi wa kiwanja ni wake.

Kipara Ngoto:
Na mchumba?

Pwani Ughaibuni:
Wa kwake pia.

Mla Mihogo:
Mdogo mtu ndiye anayelipwa 450, mark my... ah, kumbukeni maneno yangu.

Mama Salha:
Chai au siyo chai, Babu wa Dallas usiondoke. Shemeji yangu yuko Houston na anajaza "kawaida" vilevile. Hiyo sahihi ya mtayarishaji ipo ukurasa wa ngapi?

Babu wa Dallas:
Wa pili, chini kabisa. Mwambie aangalie leo. Na wewe Pwani, au mdogo wako, nenda kachukue hiyo pasi kabla haijapelekwa posta. Nenda mwenyewe, usipige simu.

Pwani Ughaibuni:
Ofisi yake inafunguliwa saa nne. Niko kwenye gari.

Fundi Saa:
Sasa kama pasi inasumbua, si aende na NIDA tu?