Rabsha na zahama ni kitu kimoja?

Mwana Kibokoni: Salaam alekum jamani, jana magharibi watoto walikuwa wavutana na mpira hapa barazani, nyanya akatoka na fagio mkononi, "hebu niondoleeni rabsha zenu hapa!" Sasa kijana wangu wa gredi ya sita akaniuliza rabsha ni nini, nikamwambia kelele, nyanya akasema la, kelele ni kelele na rabsha ni rabsha. Tofauti ni ipi? Na ni neno letu ama la Waarabu?

Mama Bamburi: La Waarabu hilo. Nimefanya kazi Muscat miaka minne, watoto wa pale nyumbani wakianza kurushiana mito sebuleni mama yao hupiga ukelele, rabsha! rabsha! Siku ya kwanza wallahi nilidhani ajua Kiswahili, maana Waomani wengine wakijua vizuri tu, wale wenye watu wao Unguja.

Mtu wa Likoni: Kweli, na watu huichanganya na zahama. Zahama nayo ni Kiarabu, zahma, yaani msongamano, huko Ghuba hata foleni ya magari huiita hivyo. Sisi tukaitia a katikati ndo ikawa laini mdomoni, kama rahma ilivyokuwa rehema, lakini rabsha tumeiacha na b na sh zake zimeshikana. Mimi nazitofautisha hivi: asubuhi feri, lango likifunguliwa watu wote waingia kwa pamoja, wasukumwa hata miguu haigusi chini, hiyo ni zahama. Sasa katikati ya msukumano beseni la mahamri la mama wa watu likapinduka, yule aliyelipiga kumbo hataki kulipa, wakaanza kushikana mashati, hapo ndo rabsha.

Babu Majengo: Umesema vyema ila rabsha haihitaji umati, mtu mmoja tu akilewa aweza kuileta mtaa mzima usilale. Ndo twasema fulani ni mtu wa rabsha. Hujapata kusikia mtu wa zahama. Ukitaka letu kabisa lisilovuka bahari chukua patashika, hilo ni pata na shika zimeunganishwa tu.

Mwana Kibokoni: Shukran sana. Nimemsomea nyanya hiyo ya mahamri, amesema ndo hivyo hivyo, kisha akaniuliza, na zogo je, hamkumwambia mtoto?