Digrii ya ualimu wa awali: miaka yote hiyo mnasoma nini hasa?

Nuru_K

Wakuu habari za muda huu, naombeni ushauri hasa nyie mliosomea elimu ya awali au mnaofundisha watoto wadogo. Nimemaliza sekondari, nimekuwa nikisaidia darasa la watoto wa miaka mitatu na minne na ile kazi nimeipenda toka moyoni, sasa nataka nikasome digrii kabisa ila nyumbani wananiuliza miaka mitatu minne chuo kikuu ya nini kwa kazi ya kuimbisha watoto na kuwafuta kamasi? Mjomba ndo kabisa, anasema nichukue cheti niingie kazini mapema. Sasa naomba kujua huko chuo mnasoma nini hasa, na mwenye digrii anafanya nini darasani ambacho mwenye cheti hafanyi. Afu mimi hesabu hatuelewani sana, kuna takwimu huko? Na kozi zenyewe majina yanafanana fanana, hii elimu ya awali, ile makuzi ya mtoto, nachanganyikiwa.

Mwl_Vidole10

Mdogo wangu Nuru karibu sana kwenye fani. Digrii hiyo ninayo na niko darasani mpaka leo. Kuimba tunaimba na kamasi tunafuta, ila hiyo ndo sehemu anayoiona mtu akichungulia dirishani. Kinachokula muda chuoni ni kujifunza kumsoma mtoto.

Jaribu hiki huko unakosaidia. Tafuta mtoto wa miaka mitatu anayeimba moja mpaka kumi bila kukosea, weka rundo la vibao mbele yake umwambie nipe vinne. Wengi watachota tu konzi zima wakupe, wala hawahesabu. Mzazi akisikia ule wimbo anaamini mwanangu namba anazijua, kumbe anajua wimbo, bado hajashika kwamba ile namba ya mwisho unayoitaja unapohesabu ndo idadi ya vitu vyote, na wengi hilo linawakaa taratibu kati ya miaka mitatu na minne na nusu hivi. Mwalimu asiyelijua atamkimbiza kwenye kujumlisha, mtoto atakariri, na huko mbele ataanza kuitwa mzito wa hesabu wakati tatizo lilikuwa hapa chini kabisa. Ukilijua unarudi nyuma, unampa kazi ya kugawa vikombe kila mtu kimoja, haya tuna vingapi, ongeza kimoja sasa vingapi, kila siku kidogo kidogo na yeye anaona anacheza tu.

Kina Piaget na Vygotsky, wale wanasaikolojia waliochunguza akili ya mtoto inavyokua, utakutana nao sana, usiwachukulie kama majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Vygotsky alifariki 1934 akiwa na miaka 37 tu lakini wazo lake natembea nalo kila siku, kwamba kuna vitu mtoto anaviweza mwenyewe, kuna ambavyo hata umfanyeje bado, na katikati kuna vile anavyoviweza akishikwa mkono kidogo, na kazi yako mwalimu iko hapo katikati. Kupajua hapo katikati ni wapi kwa kila mtoto, weee, ndo maana miaka haitoshi.

Lingine ni kuangalia na kuandika. Nilikuwa na mtoto ambaye kila mtu alisema mbishi, akiitwa haji, wenzie wakiambiwa wakae yeye anazunguka. Chuo walitufundisha uandike ulichokiona, maoni yako weka pembeni, yaani huandiki "leo kasumbua", unaandika "nimemwita akiwa amenipa mgongo, hajageuka, nimemwita akiwa ananitazama, amekuja". Zilipojaa kurasa kadhaa jambo likawa wazi lenyewe, tukakaa na wazazi, wakampeleka akapimwa masikio na kweli alikuwa hasikii vizuri. Sisemi mwenye cheti hawezi kuliona hilo, nawajua wa cheti wazuri mno, ila digrii inakupa muda wa kulifanyia mazoezi mpaka linakuwa tabia.

Takwimu ipo lakini usiogope, ni wastani, asilimia, kusoma majedwali, na utaihitaji mwaka wa mwisho kwenye utafiti wako.

Kipanga_07

Mi nitasema upande wa pili maana dada asije akaingia na picha nusu. Digrii ninayo pia. Darasa langu la kwanza watoto walikuwa wengi kuliko viti, sasa hayo mambo ya kukaa na mmoja mmoja uandike kageuka hajageuka unayafanya saa ngapi? Na sehemu nyingi sana mwalimu wa awali analipwa chini ya mwenzie wa sekondari wakati mmesoma miaka sawa, hilo linauma tusidanganyane. Afu kuna kozi unafika mwaka wa pili mtoto hujamuona zaidi ya kwenye slaidi. Simkatishi tamaa, namwambia tu digrii peke yake haibadilishi darasa.

Mama_Semista

Mkuu Kipanga uko sahihi na mimi ninayefundisha walimu hawa chuoni nakuunga mkono, idadi ya watoto ni jambo kubwa mno. Utafiti wa Perry, ule wa watoto wa shule ya awali kule Ypsilanti, Michigan, Marekani ulioanza 1962, watu huutaja kama ushahidi kwamba elimu ya awali inalipa, na ni kweli wale waliopata programu walipofuatiliwa hadi miaka 40 wengi wao walikuwa wamemaliza sekondari na wana kipato kizuri kuliko wenzao ambao hawakuipata. Lakini watu husahau kusema ilifanyikaje: walimu wamesomea kazi, kila mwalimu ana watoto watano au sita tu, na kila wiki mwalimu anakwenda nyumbani kwa mtoto. Tena watoto wote kwenye utafiti walikuwa 123 tu, tusiubebeshe mzigo usiouweza. Mwalimu mzuri na darasa linalobebeka vinakwenda pamoja. Ila hata kwenye darasa kubwa, chagua watoto wawili tu kwa siku wa kuwaangalia kwa makini, wengine kesho, mwezi hauishi utakuwa umewapitia wengi.

Nuru mwanangu, kuhusu majina ya kozi, hapo fungua macho kabisa. Kuna digrii za ualimu na kuna digrii zinazosoma kuhusu watoto, hizi za pili ni nzuri kwa utafiti, ustawi wa jamii au sera, lakini nyingi hazikupi leseni ya kufundisha, unamaliza ndo unaambiwa ongeza tena mwaka wa ualimu. Kwa hiyo kabla hujalipa chochote nenda kwenye mamlaka inayosajili walimu nchini kwako, uliza kozi hii ya chuo hiki inatambulika? Usiishie kumuuliza mtu wa udahili.

Pia uliza inahusu umri gani. Kimataifa utoto wa awali huhesabiwa toka kuzaliwa hadi miaka 8, ila kozi moja inaweza kuishia miaka 5 na nyingine ikakuruhusu na madarasa ya chini ya msingi, tofauti yake utaiona siku ya kutafuta ajira.

Na mazoezi ya kufundisha ndo roho ya kozi yote. Yanaanza mwaka wa kwanza au wa mwisho? Nani anakuja kukukagua, na akimaliza anakaa na wewe mkaongea au anajaza fomu anaondoka? Utapitishwa kwa vichanga pia au wakubwa tu? Chuo kikijibu kwa kubabaika hapo, tafuta kingine.

Nuru_K

Asanteni sana jamani mmenifungua, nitamsomesha mjomba hii yote. Swali la mwisho, naweza kusoma kwa masafa huku nikiendelea kusaidia pale darasani? Na nikianza na cheti kama anavyotaka mjomba, mlango wa digrii unajifunga?

Mwl_Vidole10

Haujifungi, vyuo vingi vinapokea watu wa cheti na diploma, vingine hata vinakupunguzia masomo uliyokwisha soma, ila waulize wakujibu kwa maandishi. Masafa inawezekana kwa nadharia, mazoezi lazima uwepo mwenyewe na mara nyingi watakutaka ufanyie shule nyingine tofauti na hiyo uliyoizoea, kwa hiyo ongea na mwajiri mapema kuhusu ruhusa.

Mama_Semista

Na cheti cha polisi cha kutokuwa na makosa kianze kufuatiliwa mapema, sehemu nyingi hauingii darasa la mazoezi bila hicho na wakati mwingine kinachelewa kutoka. Huduma ya kwanza nayo isome sasa hivi ukiwa na nafasi.