Familia kutoka San Gimignano yaja Gede: kwao kuna nini?

Mtembeza Wageni, Malindi:
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Kazi yangu ni kutembeza wageni kwenye magofu ya Gede, na Kiitaliano nakimudu. Mwezi ujao napokea familia kutoka San Gimignano, mji mdogo juu ya kilima huko Toscana. Sitaki kuwapitisha kwenye kuta nikitaja miaka tu. Nataka nikisimama kisimani, au kwenye lile kaburi lenye tarehe, niwe na cha kulinganisha na kwao. Picha nilizoziona ni za minara mirefu ya mawe. Ilikuwa ya kanisa au ya vita?

Dada wa Shela:
Ya matajiri, kaka. Nimefanya kazi jikoni kwa Waitaliano hapa Malindi, na mpishi mmoja wa Siena akituambia ni zafarani iliyowapa pesa watu wa kule. Hata madeni ya mji yaliwahi kulipwa kwa zafarani.

Mmalindi wa Poggibonsi:
Kweli kabisa, dada. Nimeishi Poggibonsi, chini ya kilima chenyewe, na siku za mapumziko nikipanda basi kwenda juu.

Anza na njia, kaka. Mahujaji wa kaskazini walioelekea Roma walifuata Via Francigena, nayo ilipita katikati ya mji. Walilala pale, wakala, wakanunua. Pesa hiyo, pamoja na zafarani na mvinyo wa Vernaccia, ikazaa koo tajiri, na kila ukoo ukataka mnara wake. Ardinghelli walikuwa upande wa Papa, Salvucci upande wa Kaizari, na uadui wao ukapanda juu kwa mawe. Mwaka 1255 ikatoka sheria kwamba mtu binafsi asijenge kupita mnara wa Rognosa, ule wa jumba la mtawala wa mji. Inasemekana minara ilifika 72. Ulio mrefu kuliko yote, Torre Grossa, ni wa serikali ya mji: ulikamilika 1311, una mita 54, na wageni wanaruhusiwa kuupanda.

Kisha ikaja tauni ya 1348. Mwaka 1353 mji ukajiweka chini ya Florence, mji mkubwa wa Toscana, na njia ya biashara ikahamia bondeni. Watu husifu wenyeji kwa kuitunza minara. Mimi naona ni ufukara ulioitunza. Florence walikuwa na pesa za kubomoa na kujenga upya, San Gimignano hawakuwa nazo. Ndiyo maana imebaki 14, na UNESCO wakauorodhesha mji 1990.

Kisima chao kiko Piazza della Cisterna, cha 1273, kina pembe nane. Ukingo wake una mifereji iliyochimbwa na kamba za kutekea maji, kidole chaingia. Wapeleke kwanza kwenye kisima cha msikiti mkuu wa Gede.

Na kaburi lako ni la 802 Hijria, yaani 1399. Waambie wazi: mwaka huo mji wao ulikuwa umeshapoteza uhuru wake, na Gede bado ilikuwa na watu na biashara.

Mzee wa Mkomani, Lamu:
Mwanangu, habari ya koo hizo mbili sisi twaijua. Hapa Lamu walikuwa Zena na Suudi, wakigombea uongozi wa mji mmoja. Lakini tajiri wa pwani hakupanda juu. Ukuta wake wa nje mtupu. Ingia ndani ukute vidaka, yaani vishubaka vya ukutani, vimejaa sahani za Kichina. Wageni wa minara watatafuta kitu kirefu hapo Gede. Waingize vyumbani.

Mtembeza Wageni, Malindi:
Shukran, mzee wangu. Basi baada ya kisima nitawaingiza ile nyumba iliyopewa jina kwa ushanga wa Venezia uliookotwa humo, kaburi liwe mwisho. Kaka wa Poggibonsi, wenyeji wenyewe huutamkaje mji wao? Nataka niwapokee kwa jina lililonyooka.

Mmalindi wa Poggibonsi:
San Jiminyano. Mkazo uweke kwenye "nya".