Naomba ushauri: je, nidai mwongozo uliochapishwa?
Ndugu zangu, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Kondele, Kisumu, na mwezi uliopita nilinunua programu ya uhasibu ambayo, badala ya kitabu cha mwongozo, ilikuja na faili ya PDF yenye kurasa 240. Karani wangu, mama aliyezoea kujifunza kwa vitabu, hupenda kusoma kila hatua huku akiitekeleza, lakini kompyuta yetu ina skrini moja ndogo, na umeme ukikatika mwongozo nao hutoweka. Najua kitabu hupitwa na wakati programu inaposasishwa; hata hivyo, naona angalau sura za mwanzo ni haki ya mnunuzi. Je, nimdai muuzaji azichapishe, au nigharamie mwenyewe uchapishaji na kujalidi?