Je, ni kweli kwamba miti huchafua hewa wakati wa joto kali?

Mwulizaji: Habari zenu wanajukwaa. Nimesoma kwamba miti ikipatwa na joto kali hutoa gesi inayochangia kutokea kwa ozoni karibu na ardhi, ile inayodhuru mapafu. Tumezoea kufundishwa kwamba miti husafisha hewa. Je, madai hayo yana ukweli? Na kama ni kweli, mti hunufaika vipi?

Mpenda Mimea: Ndugu, ni kweli, ila umepewa nusu tu ya habari. Gesi hiyo huitwa isopreni. Mialoni, mipopla na mikaratusi huitoa kwa wingi, na mimea ya dunia nzima hutoa takriban tani milioni 500 kwa mwaka. Kadiri jani linavyopigwa na jua na kupata joto, ndivyo utoaji unavyoongezeka, hadi kufikia kilele kwenye nyuzi 40 hivi za Selsiasi, kwa kuwa isopreni husaidia kuikinga mifumo ya usanisinuru isiharibiwe na joto. Kinga hiyo ina gharama, maana kaboni inayotumika ni ile ile ambayo ingejenga shina na mizizi. Hata hivyo, ili ozoni itokee kwa wingi, ni lazima isopreni ikutane na oksidi za nitrojeni kwenye mwanga wa jua, na oksidi hizo mijini hutoka hasa kwenye injini za magari. Kwenye msitu ulio mbali na moshi, isopreni hiyo hiyo huweza hata kuipunguza ozoni. Kwa maoni yangu, kuulaumu mti ni kumwonea asiye na kosa.

Msomaji wa Hali ya Hewa: Naomba niongeze suala la ukame. Udongo ukikauka, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki, ambayo hufunga stomata, yaani vile vitundu vidogo vya jani. Maji huokolewa, lakini jani hukosa ubaridi unaoletwa na mvuke, hupata joto zaidi, na huacha kufyonza kaboni dioksidi pamoja na sehemu ya ozoni ambayo kwa kawaida lingeiondoa hewani. Katika wimbi la joto la mwaka 2003, uoto wa Ulaya, ambao kwa kawaida hufyonza kaboni kuliko unavyoitoa, uligeuka kuwa chanzo cha kaboni.

Mwulizaji: Nashukuru sana. Je, basi tuache kupanda miti mijini?

Mpenda Mimea: La hasha. Kivuli na mvuke wa miti hupunguza joto la mji, na joto likipungua, ozoni nayo hutengenezwa polepole zaidi. La muhimu ni kuchagua aina zisizotoa isopreni nyingi pale penye msongamano wa magari, kumwagilia wakati wa ukame ili stomata zibaki wazi, na, zaidi ya yote, kupunguza moshi wenyewe.

Msomaji wa Hali ya Hewa: Naafiki. Tukumbuke pia kwamba gesi za misonobari, zikishabadilika hewani, huunda chembe ndogo mno zinazotawanya mwanga wa jua na kusaidia matone ya mawingu kujiunda.