Choa kilipoa, kisha kikarudi kikubwa zaidi

Mama wa Makorora

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mwanangu wa miaka saba alitoka choa kimoja kiunoni, pale mpira wa kaptula unapobana. Nilinunua tyubu kwenye duka la dawa hapa Tanga, nikampaka asubuhi na jioni, na baada ya siku tatu mwasho ulikoma, nikashukuru. Nilipoacha, choa kilirudi, na sasa kimefika tumboni, kina duara ndani ya duara, wekundu umefifia na kingo hazionekani vizuri kama mwanzo. Tyubu ya pili nayo imekwisha, hali ni ileile. Je, mwili umeizoea dawa, au hiki si choa tena?

Mfamasia mstaafu, Ngamiani

Waaleikum salaam, dada. Kabla hujanunua tyubu ya tatu, chukua boksi usome maandishi madogo yaliyo chini ya jina la biashara. Ukikuta neno linaloishia na «sone», kama betamethasone, au ukikuta clobetasol, ujue ndani mna steroidi. Steroidi haiui fangasi. Hutuliza kinga ya ngozi, ndiyo maana mwasho na wekundu huondoka upesi na mzazi akadhani mtoto amepona, ilhali fangasi anaendelea kutambaa bila kizuizi. Zipo tyubu zinazochanganya steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki, nazo hupendwa kwa sababu ya raha ya siku za mwanzo. Mimi sikupata kuziafiki kwa choa hata siku moja, maana zikipakwa muda mrefu kwenye mikunjo ya ngozi ya mtoto, ngozi huwa nyembamba na kupasuka mistari.

Choa cha mwilini kwa kawaida hutosha krimu ya fangasi ya klotrimazoli tupu, ya asilimia 1, mara mbili kwa siku, ukivuka kidogo kingo za duara, na kuendelea wiki mbili baada ya alama kutoweka. Mafuta ya Whitfield nayo yangali yanafaa, ingawa huchoma kidogo. Usishtuke mwasho ukizidi siku chache baada ya kuacha steroidi.

Muuguzi, Pongwe

Naunga mkono, ila huyu mtoto aonwe kituo cha afya au hospitali ya Bombo, kwa kuwa choa kilichokwisha pakwa steroidi hubadilika sura na pengine huhitaji vidonge. Huko wanaweza kukwangua magamba kidogo pembeni ya duara na kuyatazama kwa darubini. Leo jioni, mwambie afumbe macho, umguse kwa unyuzi wa pamba: baka lisilohisi mguso lahofiwa kuwa ukoma, ambao dawa zake hutolewa bure. Nami nauliza, je, nyumbani mna paka?

Mama wa Makorora

Boksi limeandikwa betamethasone, nimelisoma mara mbili. Unyuzi wa pamba ameuhisi, alhamdulillah. Paka yupo, mdogo, hulala naye mkekani, na nimemkuta ana kidoa kisicho na manyoya sikioni. Isitoshe, nimeona nyuma ya sikio la mtoto nywele zimekatika na pana ungaunga mweupe. Nimnyoe nipake dawa hiyohiyo?

Muuguzi, Pongwe

Hayo yaelekea kuwa mapunye, mama, na krimu pekee haiyaponyi kwa sababu fangasi yumo ndani ya unywele wenyewe. Huhitaji vidonge, mara nyingi griseofulvini, ambavyo mhudumu hupanga kwa uzito wa mtoto na humezwa kwa wiki sita hadi nane, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili vifyonzwe vizuri. Kunyoa si lazima. Nenda naye kesho asubuhi ukiwa na boksi lile mkononi, wakague na wenzake wanaotumia taulo au kitana kimoja naye, na paka atibiwe kwa daktari wa mifugo, la sivyo choa kitarudi palepale.